Shahada ya Kompyuta kwa Kalamu na Karatasi

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala jinsi ya kuweka Linux kwenye kompyuta kuukuu. Kuna jambo limenikaa kooni kwa miaka mingi, na leo nalitema. Nataka tuzungumze kuhusu shahada ya Sayansi ya Kompyuta (wakereketwa wa Kiswahili sanifu waite Sayansi ya Tarakilishi, mimi sina ugomvi nao) jinsi inavyofundishwa katika vyuo vikuu vyetu vingi hapa Kenya. Mimi ninayo hiyo shahada. Nilihitimu mwaka 2008, na tangu siku hiyo nakula ugali kwa kuandika programu. Kwa hivyo asije mtu akasema hizi ni sizitaki mbichi hizi. Nasema kama mtu wa ndani: mengi tuliyopewa pale hayakuwa elimu, na mengi wanayopewa vijana wa leo si elimu.

Nianze kwa kumpinga mtu ambaye pengine mlidhani nitamuunga mkono. Kila panapokuwa na kongamano la waajiri hapa Nairobi, lazima atainuka mtu mwenye tai na kusema: "Wahitimu wetu wamejaa nadharia tupu, kazi hawaiwezi." Ukumbi unapiga makofi. Siku ya pili magazeti yanaandika. Siku ya tatu mwanasiasa anasema vyuo vipunguze nadharia, vifundishe vitendo. Jamani, nimeusikia wimbo huu tangu nikiwa mwanafunzi, na umekosea tangu beti ya kwanza.

Mimi nilikaa darasani miaka minne na hiyo nadharia wanayosema tumejazwa sikuiona. Nilichoona ni imla. Mhadhiri anaingia na karatasi zilizogeuka rangi ya manjano, anasoma, sisi tunaandika. Siku ya mtihani tunayarudisha maneno yale yale kama tulivyoyapokea, na anayeyarudisha bila kumwaga hata tone anapewa alama ya A. Hiyo si nadharia. Kasuku naye angepita mtihani huo, tena kwa daraja la juu. Tulinyimwa nadharia, tukanyimwa na vitendo, kisha tukatukanwa kwamba tumeshiba kimoja.

Hebu niwape mifano, maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Tulifundishwa lugha ya C++ kwa Turbo C++ ya kampuni ya Borland, ile yenye skrini ya buluu, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya DOS. Lugha yenyewe ilipata kiwango chake cha kimataifa mwaka 1998. Sisi, miaka mingi baadaye, bado tulikuwa tukikariri iostream.h, faili ambayo kiwango hicho hakiitambui, na void main(), ilhali kiwango kinadai int. Mwanafunzi aliyejitahidi akaenda kujaribu alichofunzwa kwenye Linux alikaripiwa na kompaila ya GCC, na kuanzia toleo la 4.3 la mwaka 2008 iostream.h yenyewe ikakataliwa kabisa. Yaani yule mwenye bidii ndiye aliyeadhibiwa. Yule aliyekariri na kulala alipita bila wasiwasi, kwa sababu mtihani haukufanywa kwenye kompyuta.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mtihani wa kuandika programu tuliufanya kwa kalamu na karatasi. Unaandika msimbo wa kurasa mbili kwa mkono, hakuna kompaila ya kukuambia umekosea wapi, hakuna kuendesha programu uone kama inafanya kazi. Mhadhiri anasahihisha kwa macho. Ukisahau nukta-mkato, alama zinakatwa. Ukiandika programu ambayo haiwezi kufanya kazi hata mbinguni lakini inafanana na ile ya kwenye karatasi za manjano, alama zinajaa. Wenzangu, ni nani angemfundisha mtu kuendesha matatu kwa kumwambia achore usukani? Na bado ukiuliza vijana waliohitimu juzi, wengi watakuambia kalamu na karatasi zingalipo.

Sasa turudi kwenye nadharia, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotoka. Nadharia ya kweli ya kompyuta ni kitu kitamu, na kinalipa. Nitawaonyesha kwa mfano ambao hata asiyewahi kugusa kompyuta ataufuata.

Chukua daftari la wapiga kura wa Kenya. Mwaka 2022 lilikuwa na wapiga kura 22,120,458. Tuseme wamepangwa kwa nambari ya kitambulisho na wewe unamtafuta mmoja. Ukianza juu ukishuka mmoja mmoja, siku ya mkosi utapitia wote milioni 22. Lakini ukifungua daftari katikati, ukauliza kama nambari unayoitafuta iko kabla au baada ya hapo, ukatupa nusu isiyohusika, kisha ukafungua katikati ya nusu iliyobaki na kuendelea hivyo, hutazidi hatua 25. Ishirini na tano! Sababu ni hesabu ya darasani tu: ukianza na 1 ukawa unaongeza maradufu, ukifika mara ya 25 una 33,554,432, ambayo ni zaidi ya wapiga kura wote tulio nao.

Na kama daftari halijapangwa? Kuna njia ya kulipanga ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa, ya kulinganisha majirani wawili wawili na kuwabadilisha nafasi mpaka wote wakae sawa. Kwa daftari hili itahitaji kama milinganisho trilioni 245. Kompyuta inayofanya milinganisho milioni 100 kila sekunde itakesha siku 28. Njia nyingine ni kugawa daftari nusu kwa nusu, kupanga kila nusu kwa mtindo huo huo, kisha kuziunganisha. Hiyo inahitaji milinganisho isiyozidi kama milioni 540: chini ya sekunde 6. Kompyuta ni ile ile. Umeme ni ule ule. Tofauti kati ya mwezi mzima na kumeza mate ni wazo lililomo kichwani mwa aliyeandika programu. Hiyo ndiyo nadharia, ndugu zangu! Sasa niambie ni mwajiri gani mwenye akili timamu anayetaka ipunguzwe.

Lakini sisi tulifunzwaje jambo hilo? Tuliambiwa tuandike fomula moja ya herufi chache, tukaipigia mstari chini kwa kalamu nyekundu, basi. Siku hizi mimi huketi upande wa pili wa meza, nikiwahoji vijana wanaotafuta kazi. Huwauliza kuhusu algoriti hizo mbili. Wengi wananitajia fomula kwa Kiingereza kilichonyooka kama reli. Kisha nawaambia: haya, nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza nyanya yako kule kijijini, kwa nini hii ni bora kuliko ile. Kimya. Si kwamba Kiswahili hawakijui. Hawana cha kusema kwa lugha yoyote. Walipewa maganda bila tunda.

Mfano mwingine, huu wa pesa. Fungua Python au JavaScript, ujumlishe 0.1 na 0.2. Jibu utakalopata ni 0.30000000000000004. Kompyuta haijaharibika. Inahifadhi sehemu za nambari kwa msingi wa mbili, na katika msingi huo moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali: 0.333 bila kikomo. Kiwango cha nambari hizi, IEEE 754, kipo tangu mwaka 1985. Mtihani wetu ulitutaka tutaje sehemu zake tatu. Tukataja. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa sababu hiyo hupaswi kuhifadhi pesa za watu kwa nambari za aina hiyo, uhesabu senti kwa nambari kamili. Kijana anatoka na alama ya A, anaajiriwa na chama cha akiba na mikopo, na baada ya mwaka mahesabu hayalingani na hakuna anayejua shilingi zimekwenda wapi. Mama mboga aliyeweka akiba yake pale hajui IEEE ni mnyama gani, lakini yeye ndiye anayeulipia ujinga huo.

Hayo ni ya nadharia. Tuje kwenye vitendo.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutakiwa kutengeneza mradi. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo bora zaidi katika shahada nzima, na ndilo lililochafuliwa zaidi. Kila mwaka ni mifumo ile ile: mfumo wa kusimamia hospitali, mfumo wa kusimamia hoteli, mfumo wa kusimamia maktaba. Karibu na vyuo utaona matangazo kwenye nguzo na milango ya vibanda vya fotokopi: tunatengeneza miradi, tunaandika pendekezo, tunaandika ripoti, bei nafuu. Mtu ananunua mradi kama anavyonunua mitumba, anabadilisha jina la mwandishi, anavaa suti, anauonyesha, anapita.

Na kuugundua si kazi ngumu hata kidogo. Ukikuta mradi wa mwaka huu unaita mysql_connect, jua umerithiwa, kwa sababu kazi hiyo iliondolewa kabisa katika PHP 7 iliyotoka Desemba 2015. Ukikuta manenosiri yamehifadhiwa kwa MD5, njia ambayo watafiti walionyesha hadharani udhaifu wake mwaka 2004, jua hakuna aliyefikiri. Ukikuta kila anachoandika mtumiaji kinapelekwa moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kukaguliwa, jua mlango uko wazi na mwizi hahitaji hata kubisha. Mtahini akifungua msimbo kwa dakika 10 atayaona haya yote. Ila msimbo haufunguliwi. Kinachosahihishwa ni ripoti: pambizo zake, mpangilio wa kurasa, na kama sura ya tatu imetaja mbinu ya utafiti.

Kisha kuna kioja ambacho kila aliyesoma chuo cha umma anakijua: alama zinazopotea. Mimi alama zangu zilipotea katika somo la hifadhidata. Nasema tena ili isikupite: somo linalofundisha jinsi ya kuhifadhi taarifa zisipotee, ndilo alama zake zilipotea. Nilitembea ofisi hadi ofisi kwa muhula mzima nikibeba karatasi za kuthibitisha kwamba nilifanya mtihani. Idara ina mamia ya wanafunzi wanaotakiwa kutengeneza mifumo kila mwaka, na alama zinawekwa kwenye bahasha! Kama kuna mradi mmoja ambao ungetosha kuwafunza wanafunzi kila kitu, kuanzia hifadhidata hadi usalama hadi kusikiliza watumiaji, ulikuwa pale pale mlangoni. Badala yake tukatengeneza mifumo ya hoteli ambazo hazipo.

Haya yangekuwa mambo ya kuchekea tu kama hayangekuwa na mwenye kuumia. Lakini yupo. Mpango wa masomo ya kujilipia ulipoanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, na vyuo vingine vikafuata, wazazi waliuza ng'ombe, waliuza mashamba, walifanya harambee, ili mtoto asome "kozi ya kompyuta". Wengine wanabeba deni la HELB mgongoni miaka mingi baada ya kuhitimu. Mzazi yule hakununua karatasi yenye muhuri. Alinunua ahadi kwamba mwanawe atajua kazi. Muuza duka akikuuzia unga uliochanganywa na vumbi tunamwita mlaghai na tunaita polisi. Chuo kikifanya hivyo tunavaa joho na kupiga picha.

Na nchi nayo inaumia. Tunajivunia M-Pesa, na tuna haki ya kujivunia, kwa sababu Wakenya ndio walioifanya iwe ilivyo tangu Machi 2007. Lakini tuambiane ukweli: programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Uingereza, na seva zake zilikaa Ujerumani hadi zilipohamishiwa hapa nchini mwaka 2015. Leo huduma za serikali ziko kwenye eCitizen, na Julai 2023 tuliona shambulio la mtandaoni likiilemea, watu wakakwama na shughuli zao. Nani atayajenga na kuyalinda haya yote? Ni hao hao tunaowapa mitihani ya kalamu na karatasi. Tukiwafunza vibaya tutaendelea kuagiza wataalamu kutoka nje, na kuwalipa kwa dola.

Najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia yote, kwa hivyo niyajibu moja moja.

Watasema pesa hakuna. Pesa za kununulia nini? Linux ni ya bure. GCC ni ya bure. Python ni ya bure. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, ni ya bure. Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na yapo mpaka leo. Na kuacha kutumia Turbo C++ kuna gharama gani? Kuacha tu! Kuna mambo yanayohitaji pesa, sikatai, lakini mengi ninayolalamikia yanahitaji mtu mmoja mwenye kujali.

Watasema madarasa ni makubwa, wanafunzi ni mamia, nani atasahihisha programu zote hizo? Hili ndilo jibu linalonikera kuliko yote, likitoka kwenye idara ya kompyuta. Kompyuta itasahihisha! Kuna programu kama DOMjudge, huria na ya bure, inayotumika katika mashindano ya kimataifa ya kuandika programu. Mwanafunzi anatuma msimbo wake, mfumo unauendesha kwa majaribio yaliyofichwa, na jibu linatoka hapo hapo. Mamia ya wanafunzi si tatizo kwa mashine. Ni tatizo kwa karatasi.

Watasema wahadhiri wanateseka. Hapa nakubaliana nao, tena kwa sauti. Mwaka 2017 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma zaidi ya mara moja, 2018 wakagoma tena, na hata 2024 na 2025 migomo ilikuwepo. Wale wa muda hufundisha vyuo viwili vitatu wakikimbizana na matatu, na malipo yao huchelewa miezi na miezi. Mtu mwenye njaa hawezi kuandaa somo jipya kila muhula. Serikali iwalipe, na iwalipe kwa wakati. Lakini njaa haieleze kila kitu. Karatasi za manjano nilizozikuta mimi zilikuwa za manjano kabla ya migomo hiyo yote.

Kisha kuna wale wa upande wa pili, vijana wenzangu wa mitandaoni, wanaosema chuo hakina maana, acha masomo, tazama Bill Gates. Haya, tumtazame. Ni kweli aliacha Harvard mwaka 1975. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amelifikiria fumbo moja la nadharia tupu, na mwaka 1979 likachapishwa kama makala ya kitaalamu, yeye pamoja na Christos Papadimitriou. Fumbo lenyewe kwa lugha ya jikoni ni hili: una rundo la chapati za ukubwa mbalimbali, na unaruhusiwa tu kuchomeka mwiko mahali popote katika rundo na kuzigeuza zote zilizo juu yake kwa mpigo mmoja. Je, utahitaji kugeuza mara ngapi, ikizidi sana, ili zipangike kubwa chini ndogo juu? Jibu lao la kikomo cha juu halikupata kuboreshwa kwa karibu miaka 30. Mtu huyo hakuikimbia nadharia. Aliila akashiba ndipo akaondoka. Wewe unayetaka kuondoka bila kuonja chochote, usijifananishe naye.

Na mtu asiniambie kwamba vyuo haviwezi kutoa kitu cha maana. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huyo huyo Torvalds. Hapa jirani, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice yote kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Watu walikaa wakabishana kuhusu maneno, wakaandika, wakakosea, wakarekebisha, wakawapa watu kitu wanachoweza kukigusa. Hicho ndicho chuo kinatakiwa kufanya.

La mwisho ni hili la akili bandia. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wahadhiri wanalia kwamba wanafunzi wanafanyiwa kazi na mashine. Sasa tazama jambo hili kwa makini. Mashine inapita mitihani yenu kwa sababu mitihani yenu inapima kukariri, na hakuna mwanadamu atakayeishinda mashine kwa kukariri. Miaka 20 iliyopita mhitimu wa kukariri aliweza kupata kazi akajifunzia huko huko. Leo kazi yake inafanywa na programu ambayo hailipwi mshahara. Anayebaki na thamani ni yule anayeweza kuusoma msimbo ulioandikwa na mashine na kusema: hapa umekosea, na sababu ni hii. Huyo tunamtengeneza wapi?

Sitaki kuwa mtu wa kulalama bila kupendekeza. Nataka mambo manne tu.

Kwanza, mtihani wowote wa kuandika programu ufanywe kwenye kompyuta, programu iendeshwe, ipite majaribio au ianguke. Karatasi ibaki kwa mambo ya karatasi: kuthibitisha kihesabu kwamba algoriti ni sahihi, na kwa nini ina kasi iliyo nayo.

Pili, kila mradi wa mwisho uwekwe kwenye Git tangu siku ya kwanza, ili historia yake ionekane. Mradi uliozaliwa mzima usiku mmoja kabla ya kuwasilishwa utajieleza wenyewe. Na siku ya kuutetea, mtahini aombe badiliko moja dogo, mwanafunzi alifanye pale pale mbele yake. Aliyenunua ataumbuka ndani ya dakika 5.

Tatu, miradi itatue shida zilizo mlangoni. Anzeni na alama zinazopotea. Nendeni kwenye zahanati, kwenye chama cha akiba, kwenye shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi akikutana na mtumiaji wa kweli anayemwambia "sielewi kitufe hiki ni cha nini", atajifunza zaidi ya muhula mzima wa imla.

Nne, nadharia iongezwe. Naam, iongezwe, lakini ile ya kweli. Wafunzwe hesabu mpaka waione ndani ya daftari la wapiga kura na ndani ya rundo la chapati. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Lakini hawakusema tuitupe nta. Nyuki hawezi kuweka asali hewani.

Na wewe mwanafunzi unayesoma haya ukiwa kwenye simu, ukisubiri mhadhiri ambaye pengine hatakuja: usikae kungoja serikali isikie. Weka Linux. Andika programu moja kila juma, hata ndogo ya kuhesabu nauli. Chukua kila fomula uliyoandikiwa ubaoni, uiulize maswali mpaka uweze kumweleza nyanya yako. Mkutane wanne watano, msomeane msimbo na kukosoana bila huruma. Shahada utaipata, hiyo haina shida. Ujuzi itabidi uuchukue mwenyewe, na hilo ni aibu ya wale waliolipwa kukupa.

Najua kuna wahadhiri wanaosoma ukurasa huu, na kuna wachache ambao wanafanya kazi nzuri katika mazingira magumu. Nilifunzwa na mmoja wao, na karibu kila ninachokijua kuhusu algoriti nilikipata kwake. Nyie msiudhike. Hao wengine waudhike, kisha waje na hoja. Uwanja uko wazi.